Tone la Mvua Juu ya Jani la Mgimbi

Mvua za masika zinapoanguka katika mabonde ya Uluguru, maji hutiririka juu ya migomba, juu ya michungwa na juu ya mapaa ya bati ya nyumba zilizojengwa mitelemkoni, na kila kitu hulowa. Lakini uko mmea mmoja, uotao kando ya vijito, ambao hutoka katika mvua hiyo ukiwa mkavu. Nao ni mgimbi. Tone liangukapo juu ya jani lake pana halienei wala halishiki. Hujikusanya likawa kama ushanga wa kioo, likayumbayumba katikati ya jani, na jani liinamapo kidogo tu tone hubingirika na kudondoka. Kama jani lilikuwa na vumbi, njia aliyopita mgeni huyo hubaki safi. Mtu akilisugua jani hilohilo kwa kidole mara kadhaa, kisha akamwagia maji, ataona kwamba pale palipoguswa maji yanashika na kuenea kama yafanyavyo juu ya jani lolote. Kidole kimeondoa kitu fulani. Kitu hicho ni chembamba mno hata hakionekani kwa macho, na uzito wake hauwezi kupimwa kwa mizani ya maabara ya shule. Hata hivyo ndicho kilichoamua mwenendo wa tone zima.

Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro, ni mahali pafaapo kulitazama jambo hili kwa makini. Zamani hapo palikuwa na shamba la mkonge. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa chama cha ANC cha Afrika Kusini ardhi hiyo, na shule yao ikaanza mwaka uliofuata. Ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa mjini Pretoria tarehe 6 Aprili, 1979. Majengo yalirudishwa kwa Tanzania mwaka 1992, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, yenye jina lilelile, ambamo masomo ya sayansi na ualimu yamefundishwa. Mkonge nao una habari yake. Mmea huu uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, na katika miche 1,000 iliyotumwa kutoka Florida ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Mche wa mkonge waweza kustahimili safari na kiangazi kwa sababu jani lake limevikwa nta. Katika kiwanda, jani likipita kwenye korona, nyuzi zipatikanazo ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Vingine vyote hutupwa kama taka, na nta imo humo.

Basi kuna mimea miwili yenye vazi la namna moja na kazi mbili tofauti. Nta ya mkonge huzuia maji ya ndani yasitoke. Nta ya mgimbi huzuia maji ya nje yasikae. Wataalamu wa vitu, yaani wale wachunguzao tabia za metali, plastiki, rangi na kadhalika, wamekuwa wakiyaiga mavazi hayo kwa bidii tangu mwisho wa karne iliyopita.

Ili kulielewa jambo hili yafaa kuanza na maji yenyewe. Kila molekuli ya maji iliyo ndani ya tone huvutwa na jirani zake kutoka pande zote, hata mivuto hiyo ikasawazika. Molekuli iliyo juu kabisa haina jirani upande wa hewa, kwa hiyo huvutwa kuelekea ndani. Matokeo yake ni kwamba uso wa maji hujikaza kama ngozi ya ngoma, ukitafuta kuwa na eneo dogo iwezekanavyo. Na umbo lenye uso mdogo kuliko maumbo yote ya ujazo uleule ni tufe. Mkazo huo wa uso, kwa maji ya nyuzi 20 za Selisiasi, ni kama milinyutoni 72 kwa mita, zaidi ya mara mbili ya ule wa mafuta ya kupikia. (Mfano wa ngozi ya ngoma una kasoro moja ambayo mwalimu hana budi kuitaja: ngozi ikivutwa zaidi hukaza zaidi, bali uso wa maji hukaza kwa kiasi kilekile, uwe mpana au mdogo.)

Tone likikaa juu ya kitu kigumu, mikazo mitatu hushindana: ule wa maji na hewa, ule wa kitu na hewa, na ule wa kitu na maji. Mwingereza Thomas Young alieleza mwaka 1805 kwamba mashindano hayo huishia katika pembe moja maalumu, ile ambayo ukingo wa tone hufanya na kitu lilichokalia. Juu ya kioo kilichooshwa barabara pembe hiyo hukaribia sifuri, yaani maji huenea kabisa. Juu ya nta laini hufika kama nyuzi 105 hadi 110. Hata mkemia achague kitu kinachochukia maji kuliko vyote, madhali uso wake ni laini hawezi kuzidi nyuzi 120 au karibu na hapo. Lakini juu ya jani la mgimbi pembe huzidi 150. Nyuzi hizo za ziada hazitoki katika kemia.

Jibu lilipatikana kwa darubini ya elektroni, tena kwa njia ya kando. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Wilhelm Barthlott, alikuwa akichunguza sura za majani ili kuainisha jamii za mimea. Aligundua kwamba majani yaliyo laini yalihitaji kuoshwa vumbi kabla ya kutiwa katika darubini, na yale yenye nyuso za kukwaruza yalikuwa safi daima. Mtu angetazamia kinyume chake, kwa kuwa kila mama wa nyumbani anajua kwamba sakafu yenye mikwaruzo hushika uchafu kuliko iliyopigwa msasa. Mwaka 1997 yeye na mwenzake Christoph Neinhuis walichapisha maelezo kamili, wakitumia hasa yungiyungi mtakatifu wa Asia. Mgimbi nao umo katika mimea waliyoichunguza, na kabichi pia.

Uso wa jani la mgimbi umejaa vinundu, kila kimoja kikiwa na upana wa sehemu moja au mbili za mia ya milimita. Juu ya vinundu hivyo zimetapakaa chembe za nta ndogo zaidi sana. Tone halifiki katika mabonde yaliyo baina ya vinundu. Hulala juu ya vilele, kama mkeka uliotandazwa juu ya vichuguu, na chini yake hubaki hewa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kitako cha tone haigusi jani hata kidogo bali hugusa hewa, na hewa ndiyo kitu ambacho maji hukichukia kuliko vyote. Wanasayansi Cassie na Baxter walikuwa wamekwisha kuandika hesabu ya hali hiyo mwaka 1944, walipochunguza vitambaa na manyoya ya ndege. Punje ya vumbi nayo hugusa vilele tu. Hivyo tone lipitapo, mshiko wa maji juu ya punje hushinda mshiko wa jani, na punje huchukuliwa.

Kuanzia mwaka 1999 iliuzwa Ujerumani rangi ya kuta za nje iliyotengenezwa kwa kanuni hiyo, na baadaye vikafuata vioo, vigae na vitambaa. Yapasa kusemwa wazi kwamba uigaji huu bado haujafikia jani lenyewe. Rangi ikisuguliwa vinundu vyake hukatika na havirudi, lakini jani lililo hai huota nta nyingine. Zaidi ya hayo, viwanda vingi vilichukua njia fupi ya kutumia kemikali zenye florini, ambazo hazishiki maji wala mafuta, lakini pia haziozi. Mbili kati ya hizo zimetiwa katika Mkataba wa Stockholm wa sumu zidumuzo, moja mwaka 2009 na nyingine mwaka 2019, kwa sababu zimekwisha kuenea katika maji na katika damu za watu duniani kote. Mgimbi hufanya kazi yake kwa kaboni, hidrojeni na oksijeni kidogo tu.

Wakulima wa Mgeta, upande wa magharibi wa milima, wanalijua jambo hili kwa mlango mwingine. Dawa ya wadudu ikichanganywa na maji matupu na kupuliziwa kwenye kabichi, hujifanya matone na kubingirika hadi ardhini, kisha mvua huipeleka mtoni, na mito hiyo ndiyo inywewayo na watu wa chini. Ndiyo maana dawa za viwandani hutiwa kitu cha jamii ya sabuni. Molekuli ya sabuni ina kichwa kipendacho maji na mkia uyakimbiao. Hujipanga usoni mwa maji, ikapunguza mkazo hata chini ya nusu, na tone likalala chali juu ya jani.

Swali la pili ni hili: utando mwembamba ni mwembamba kiasi gani? Benjamin Franklin wa Marekani alimwaga mafuta yasiyozidi kijiko cha chai katika bwawa la Clapham, Uingereza, akaona yakienea upesi hata sehemu ya bwawa ipatayo nusu ya ekari ikatulia kama kioo. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1774. Kijiko ni kama sentimita 5 za ujazo, na nusu ya ekari ni karibu mita za mraba 2,000. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili aweza kugawa: jibu ni kama nanomita 2.5, yaani sehemu mbili na nusu za milioni ya milimita. Franklin alikuwa ameushika urefu wa molekuli mkononi mwake, lakini hakuifanya hesabu hiyo.

Aliyeifanya kazi hiyo kwa usahihi alikuwa binti wa mjini Braunschweig, Ujerumani, aliyeitwa Agnes Pockels. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia chuo kikuu wakati huo. Yeye alikuwa akitunza nyumba ya wazazi wake, na jikoni alitengeneza sinia la bati lenye kipande chembamba cha kusogeza juu ya maji, apate kuukusanya au kuutanua utando wa mafuta na kuupima mkazo wake. Alimwandikia mwanafizikia mashuhuri Lord Rayleigh, ambaye naye, kwa sifa ya uungwana wake, aliipeleka barua hiyo kwa jarida la Nature ikachapishwa mwaka 1891. Chombo alichokitumia Irving Langmuir, ambaye alipata Nishani ya Nobel mwaka 1932, kilifuata sinia hilo.

Jaribio hili lawezekana katika shule yoyote yenye beseni pana. Beseni huoshwa vizuri na kusuuzwa mara nyingi, kwa maana masazo ya sabuni huharibu kila kitu. Hutiwa maji, yakaachwa yatulie, kisha hunyunyiziwa poda laini kidogo sana. Tone dogo la mafuta ya zeituni, lenye kipenyo cha nusu milimita likipimwa kwa rula na kioo cha kukuzia, huchukuliwa kwa kitanzi cha waya mwembamba na kugusishwa katikati. Poda hukimbia ghafla na kuacha duara. Duara likiwa na kipenyo cha sentimita 20, unene wa utando ni kama nanomita 2. Baadhi ya wanafunzi watapata mara mbili ya hapo na baadhi nusu yake. Mwalimu asiwalaumu, kwa sababu kosa dogo katika kupima kipenyo cha tone hujizidisha mara tatu katika ujazo.

Utando wa namna hiyo, japokuwa ni wa unene wa molekuli chache tu au hata moja, una nguvu. Katika miaka ya 1950 ilijaribiwa, Australia na hapa Afrika Mashariki, kutandaza alkoholi za mafuta juu ya malambo ili maji yasikauke kwa jua. Katika beseni njia hii hufaulu sana. Juu ya lambo la kweli upepo huukunja utando na kuusukumia ukingoni, na ndiyo sababu bwawa kama la Mindu, ambalo huwapa maji watu wa Morogoro, haliwezi kufunikwa kwa njia hiyo bila ya kuongezewa dawa kila mara. Na wasomaji wengi wanakumbuka habari ya Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, aliona kwamba maziwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba katika makala aliyoichapisha pamoja na Dk. Denis Osborne mwaka 1969 walieleza jinsi walivyoweka utando wa mafuta juu ya maji, na maji yakachelewa kuganda kwa muda mrefu. Hivyo walijua kwamba joto lilikuwa likitoka hasa kwa juu.

Utando wa mafuta hautoshi kulinda mlango au meza, kwa kuwa haukauki. Hapa ndipo polima zinapohitajika. Polima ni molekuli ndefu sana iliyoungwa kwa vipande vidogo vingi, kama shanga katika uzi. Uimara wake unafanana na ule wa kamba ya katani: hakuna unyuzi mmoja utokao mwanzo wa kamba hadi mwisho, lakini nyuzi zimepotana hata hakuna uwezao kuchomoka.

Pwani yetu ilikuwa maarufu kwa polima ya asili kabla neno hilo halijatungwa. Sandarusi, utomvu wa mti wa msandarusi uliozikwa mchangani kwa miaka mingi, ulichimbwa Mrima, ukasafirishwa kupitia Unguja hadi Salem katika jimbo la Massachusetts na hadi Ulaya, na katika karne ya 19 vanishi ya magari ya farasi ilisifiwa ikiwa imetengenezwa kwa sandarusi ya Zanzibar. Kadiri ilivyokaa ardhini ndivyo molekuli zake zilivyozidi kuungana, na ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu na ya thamani. Ugumu huo ulikuwa pia taabu yake. Sandarusi iliyokomaa haiyeyuki katika mafuta mpaka kwanza ichemshwe kwa moto uzidio nyuzi 300, na karakana nyingi za vanishi ziliteketea kwa sababu hiyo. Ikishapakwa, spiriti ya tapentini huruka hewani, kisha mafuta ya kitani yaliyomo hunywa oksijeni na kufungamana. Kukauka kwa vanishi, basi, ni mambo mawili: kuondoka kwa kiyeyushi na kuzaliwa kwa vifungo vipya.

Rangi ya maji ya kupaka ukutani hufuata njia nyingine kabisa. Ndani ya kopo polima haijayeyuka. Imo katika vitufe vidogo vinavyoelea, vyenye kipenyo cha kama sehemu moja au mbili za elfu kumi ya milimita. Maji yanapokauka vitufe husongamana, mkazo wa uso wa maji yaliyobaki huvibana hata vikawa na pembe sita kama vyumba vya sega la nyuki, na mwishowe ncha za minyororo huvuka mpaka kutoka kitufe hiki kwenda kile, na mipaka ikafutika. Kukiwa na baridi kupita kiasi minyororo haitembei, na ukuta hubaki na unga upukutikao. Mafundi wengi hulaumu rangi, kumbe kosa ni la asubuhi waliyoichagua.

Hata tone la kahawa lililomwagika juu ya meza lina somo. Likikauka huacha duara jeusi ukingoni na weupe katikati, wala si doa lenye rangi sawa. Robert Deegan na wenzake wa Chicago walieleza sababu mwaka 1997: ukingo wa tone umenasa mezani, na maji hukauka upesi zaidi hapo, kwa hiyo maji ya katikati hutiririka kwenda kuziba pengo yakibeba unga wa kahawa. Atakaye kupaka utando ulio sawasawa hana budi kuushinda mtiririko huo.

Limebaki swali gumu kuliko yote. Utando utashikaje? Nta haishiki juu ya kioo chenye maji, na gundi nyingi huachia zikilowa. Kome wa baharini, hata hivyo, hujifunga mwambani kwa nyuzi anazozitoa mwenyewe, huku mawimbi yakimpiga mchana na usiku. Mwaka 1981 Waite na Tanzer walionyesha kwamba protini ya gundi hiyo ina kwa wingi kipande kiitwacho dopa. Kipande hicho kina pete ya atomi sita za kaboni iliyobeba vikundi viwili vya oksijeni na hidrojeni vilivyokaa jirani. Wanakemia huiita pete hiyo katekoli. Vikundi hivyo viwili hukamata metali kama vidole vya koleo, na hushika vioo na plastiki pia kwa njia nyinginezo. Mwaka 2007 Haeshin Lee, Phillip Messersmith na wenzao huko Marekani walichukua dopamini, molekuli ndogo ya ukoo huohuo, wakaiyeyusha kwa kiasi cha miligramu 2 katika kila mililita ya maji yenye ualkali kidogo, wakatumbukiza humo metali, kioo, plastiki, na hata ile plastiki ya sufuria zisizoshika chakula. Vyote vilitoka vimevikwa utando wa rangi ya kahawia. Unene wake baada ya siku moja ulifika kama nanomita 50. Hakuna aliyepaka kwa brashi. Utando ulijijenga wenyewe.

Mkulima wa Kinole au Matombo akiisikia habari hii hatashangaa sana. Ganda la ndizi lina dopamini nyingi, na linapobadilika kuwa jeusi ni kwa sababu kimeng'enya chake kinaiunganisha dopamini hiyo na oksijeni ya hewa. Utomvu wa mgomba nao una vitu vya jamii ya katekoli. Nguo iliyodondokewa na utomvu huo haionyeshi kitu siku ile ile. Kesho yake doa limekuwa la kahawia, na hakuna sabuni iwezayo kulitoa. Mfuaji huona doa, na mwanakemia huona polima iliyojiunda ndani ya nyuzi za pamba na kuzishika. Utando wa kahawia ubakiao katika kikombe cha chai kisichosuguliwa ni wa ukoo uleule. Kundi la Messersmith lililitumia jambo hilo mwaka 2013 kutengeneza mavazi yasiyo na rangi kutokana na vitu vilivyomo katika chai na mvinyo. Mwaka huohuo kundi la Frank Caruso huko Melbourne lilichanganya tanini na chumvi ya chuma, na utando wenye unene wa kama nanomita 10 ukajiunda mara moja. Shule inaweza kuonyesha rangi ya muungano huo kwa chai kavu kali na siki iliyolazwa ndani yake msumari wenye kutu.

Malighafi ya kazi hizi si ngeni nchini. Tanini hukamuliwa kutoka magome ya miwati huko Njombe, ambako kampuni ya miwati ilianzishwa mwaka 1949. Maganda ya korosho za Mtwara na Lindi yana mafuta makali yanayofikia robo ya uzito wa ganda au zaidi, yale yachomayo mikono ya wabanguaji. Nayo ni ndugu wa karibu wa utomvu ambao Wajapani wameutumia tangu kale kung'arishia vyombo vyao vyeusi. Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imeyachunguza mafuta hayo kwa miaka mingi. Wakati huohuo korosho nyingi zimekuwa zikiuzwa nje zikiwa na maganda yake, ambapo mafuta hayo huondoka pamoja nazo bila ya kuhesabiwa.

Manufaa yaliyo karibu zaidi kwa watu wa Morogoro, hata hivyo, pengine ni ya kazi ile ya kwanza, ya mkonge: kuzuia maji yasitoke. Tunda lililochumwa halinywi tena kutoka mzizini, lakini huendelea kupumua na kutoa mvuke. Mboga nyingi zikipoteza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito wake hunyauka, na mnunuzi huzikataa. Matenga ya nyanya yatokayo Nyandira hupita saa nyingi barabarani kabla ya kufika Dar es Salaam, na hasara ni ya mkulima.

Wataalamu hujaribu kuyapa matunda vazi la pili: nta ya nyuki, gundi ya migunga, au kitosani, polima itokanayo na maganda ya kamba wa baharini, ambayo huyeyuka katika siki nyepesi na kukauka kuwa utando mwangavu unaolika. Vazi hilo lina sharti lake. Likiwa jembamba mno maji hupita. Likiwa nene mno oksijeni haingii, na tunda huanza kuchacha kwa ndani na kunuka pombe. Katika miaka ya 2010 Chuo Kikuu cha Sokoine kilishirikiana na wenzake wa Kanada, India na kwingineko kujaribu heksanali, kitu kitokeacho katika mimea yenyewe, juu ya maembe, machungwa na ndizi. Hiyo haimviki mtu vazi la nje. Huzuia kimeng'enya kibomoacho tando zilizo ndani, zile zizungukazo kila seli.

Kabla ya kununua chochote, shule ifanye jaribio la nyanya. Ngozi ya nyanya haina matundu ya kupumulia kama majani. Imezibwa kwa nta na kwa polima iitwayo kutini. Zichaguliwe nyanya tisa zilizolingana, zisizo na michubuko, zilizokwisha kutolewa vikonyo. Tatu zisiguswe. Tatu zidondoshewe nta ya mshumaa juu ya lile kovu la kikonyo tu, eneo lisilozidi ukucha wa kidole kidogo. Tatu za mwisho zichovywe nzima katika nta iliyoyeyuka. Zipimwe kila asubuhi kwa muda wa siku kumi, na uzito uandikwe katika jedwali. Kundi la pili litapoteza maji kidogo sana kuliko la kwanza, maana sehemu kubwa ya mvuke wa nyanya hutoka kwa kovu hilo. Kundi la tatu litahifadhi uzito wake karibu wote. Siku ya kumi nyanya hizo zikatwe kwa kisu, na wanafunzi wazinuse kabla ya kuandika jibu.